Kijani cha Redio ya Baba

Baba yangu alikuwa na sauti mbili. Ya hewani ilikuwa tamu na yenye subira. Ya nyumbani alitutunzia sisi watoto wake, na ilikuwa ya kutusema.

Kila asubuhi alikaa chumba cha nyuma, katika nyumba yetu ya Ngokolo, mbele ya redio yake ya kurusha na kupokea. Alistaafu reli, upande wa mawasiliano, na redio za ridhaa ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo. Watu wa redio za ridhaa wanakata leseni, wanasimika nyaya juu ya mabati, halafu wanaambiana hali ya hewa na jinsi wanavyosikika. Hawauzi chochote. "Mwangaluka, rafiki yangu," baba alimsalimu mtu wa Zambia ambaye Kisukuma hakijui hata kidogo. "Leo unasikika vizuri ajabu. Hongera sana kwa kazi yako." Kisha aliachia kitufe, akageuka, akaniambia chai niliyomletea ni maji ya kuoshea vyombo.

Mimi hongera yake sikuwahi kuionja. Nilipofaulu darasa la saba aliuliza kama wenzangu siku hiyo waliumwa. Nilipoanza kujifunza ufundi kwa kumchungulia akifungua mitambo, alisema mkono wa kike unachomea nyaya kwa risasi kama unasonga ugali. Nikajifunza hivyo hivyo, kwa hasira. Sasa nina kibanda Geita, natengeneza redio koli za watu wa machimboni, na wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, watu wasiomchekea mtu ovyo, wanazileta kwangu wenyewe. Baba alipopata habari hiyo alisema kumbe Geita dhahabu imewaishia.

Mama alipofariki, baba alikataa kuondoka Ngokolo. Jirani mmoja alimpikia na kumfulia. Kaka yangu, mkubwa wangu, ana mashine za kukoboa mpunga Kagongwa, na nyumba yake imebanana nazo ukuta kwa ukuta. Alitutangazia mimi na baba waziwazi: siku akithibitisha kwamba mzee haoni, anamhamishia kwake na nyumba ya Ngokolo inapata mpangaji. Baba alijua maana yake. Karibu na mashine zile redio haipokei kitu zaidi ya mkwaruzo, kuanzia alfajiri mpaka jioni. Kuhamia Kagongwa kulikuwa kunyamazishwa.

Kwa hiyo aliponipigia simu, nilikuwa makini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile bluu ya kioo inanichoma macho, namba zinachezacheza. Wewe si unajiita fundi?"

Kioo cha redio yake ni cheusi. Namba zinachukua rangi ya vitaa vilivyofichwa nyuma yake, kwa hiyo ukibadili vitaa umebadili rangi. Ni kazi ya kuchomoa vitu vidogo kama punje za uwele na kuchomea vingine mahali pale pale bila kuunguza njia za umeme. Nilipanda basi, nikaja, nikamwekea rangi ya chungwa. Nikamwambia, baba, hii ni ya chungwa, inatuliza macho.

"Umeniwekea mkaa unaozimika," alisema. "Toa."

Nikarudi tena na vitaa vyeupe. Nikamwambia ni vyeupe.

"Nyeupe ya mochwari. Unaniandaa?"

Nilirudi Geita nikiwa nimevimba. Nilimtukana njia nzima kimoyomoyo, na abiria aliyekaa pembeni yangu akasogea kidogo. Lakini nilinunua vya kijani, nikampigia kumwambia nakuja na kijani na baada ya hapo sina rangi nyingine, labda aende kuiomba mbinguni.

Siku hiyo nilifungua redio asubuhi, yeye amekaa kwenye kiti chake, magoti yanagusa meza. Nikachomea vitaa. Kawaida yangu ni kusikiliza mtambo kwanza, taa ni ya mwisho, kwa hiyo waya wa taa nilikuwa bado sijaubana. Ulikuwa unaning'inia. Nikawasha. Redio ikalia pii, ikaanza kukoroma.

"Hapo!" baba alisema kabla sijafungua mdomo. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo. "Hapo sasa. Kijani cha mpunga mchanga. Namba naziona zote. Hongera, mwanangu. Hongera sana kwa kazi yako."

Ilikuwa sauti ya hewani. Alinipa mimi.

Nilitazama kioo. Kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria.

Akashika kitufe cha kutafutia masafa, akakizungusha, kikawa kinagonga tik, tik, na midomo yake ikawa inahesabu milio hiyo. Akaacha kukizungusha, akanisomea namba za masafa, nikahakikisha kwa kipimo changu. Hakukosea hata moja. Nikaelewa kwa nini jirani aliamriwa kuweka chakula kona ile ile ya meza, na kwa nini nilifokewa siku niliyosogeza kopo la sukari. Nikaelewa na lile lililoniuma zaidi. Chungwa hakuliona. Nyeupe hakuiona. Nilimtajia rangi, naye akaitukana kwa jina lake tu ili nidhani anaona, na mimi nikapanda basi kwa ajili ya matusi hayo.

Nilinyoosha mkono niubane ule waya.

"Unafanya nini?"

"Kuna waya mmoja nabana, baba."

"Usiguse! Nyie mkishapatia kitu hamtulii mpaka mkiharibu. Funga mfuniko."

Nilibaki na waya katikati ya vidole. Ningemwambia ni giza, ningekuwa nimemwambia kwamba najua, na baba alikuwa radhi afe kuliko kuhurumiwa na mimi. Tena nilitaka ile hongera ikae kama ilivyotoka mdomoni mwake, isikwaruzwe. Nikafunga mfuniko. Nilipanga kuufungua akienda kuoga.

Hakuwahi kwenda kuoga. Kaka alifika saa sita na pikapu, yeye na mkewe. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba mzee alimwaga chai nje ya kikombe, yote, mpaka birika likaisha. Mkewe alikuwa tayari amekunja mablanketi kwenye gari, ili godoro la mzee lisichafuke njiani. Walikuja wakiwa wameshaamua, wanatafuta sababu tu.

"Macho yanasemaje, baba?" kaka aliuliza.

"Yanasema umenenepa," baba alijibu. Kaka alikuwa anahema kwa kupanda vidaraja viwili vya baraza, mtu yeyote angejua. "Njoo uone rangi aliyoniwekea mdogo wako. Kwanza nilidhani hawezi."

Akawasha mwenyewe. Redio ikalia pii. Kaka akainama, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Rangi gani hiyo, baba?"

"Kijani. Au na wewe unahitaji miwani?"

"Ni kijani," nilidakia. "Humu ndani kuna mwanga mwingi, ndiyo maana haionekani vizuri."

Kaka akaenda dirishani akavuta pazia. Chumba kikawa giza, na kioo kikawa giza zaidi ya chumba.

"Na wewe umepofuka?" aliniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Hapa pana kijani gani? Pana taa gani?"

Baba aliinua mkono, akaupitisha juu ya kioo taratibu kana kwamba anafuta vumbi.

Hapo ingetosha. Mtu mwenye huruma angeishia hapo, lakini kaka ni mtoto wa baba yetu. "Haya, baba, hivi ni vidole vingapi?"

"Vitano," baba alisema. "Vya mtu asiye na adabu."

Kaka mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni. Mkewe akacheka, akajiziba na kanga, halafu akacheka tena.

Nilimwambia kaka maneno ambayo mama angenipiga kofi kwa kuyatamka. Nikamwambia mzee anaweza kubaki, nitafunga kibanda Geita nije kukaa naye. Akaniambia nimeolewa, nikamuulize kwanza mume wangu. Mume wangu tulishaachana, na kaka analijua hilo kwa sababu ndiye aliyepokea kwake kikao cha talaka. Alilisema makusudi. Nilimtazama akibeba godoro nikatamani limwangukie.

Walipokuwa wanapakia nguo, nilifungua mfuniko wa redio nikaubana ule waya. Kilikuwa kijani kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, namba zimetulia, haziumizi. Chumba kizima hapakuwa na wa kukiona isipokuwa mimi. Nikazima, nikachomoa nyaya, nikaibeba redio mpaka kwenye gari, nikampakatisha baba aliyekuwa ameshakalishwa kiti cha mbele. Mikono yake ikaizunguka.

"Ule waya umeubana?" aliuliza.

"Nimeubana."

"Asubuhi ulikuwa umeuacha makusudi, unanipima."

"Hapana, baba. Nilikuwa bado sijamaliza."

"Sasa inawaka?"

"Inawaka."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Aliitikia kwa kichwa. Kaka aliingia akafunga mlango, akaanza kuhangaika na mkanda. Baba akageuza uso upande wa sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anautazama ukuta wa nyumba yake. Akaongea kwa ile sauti ya hewani, ya subira, aliyokuwa akimwambia nayo mtu wa Zambia kwamba anasikika vizuri.

"Basi ile hongera niliyokupa asubuhi," alisema, "nirudishie."

"Sirudishi, baba," nikamwambia, na kaka akatia gia.