Ile jina niliandika juu ya sura ya Zaina

Bandugu, leo kidogo tu nikufe na haya.

Mi njo nilipiga foto ku ndoa ya dada ya Zaina, kule Lubunga. Foto zote zilichanganyikana mu telefone. Bon, nikaandika jina ya kila mutu juu ya sura yake. Ukiandika "Tonton Saidi", telefone inakuletea zake zote. Muzuri sana!

Leo mama ya Zaina akaniita kwao, kila mutu achague yake. Naandika jina, foto zinakuya, batu banafurahi.

Zaina akakaa pembeni yangu.

"Na mi? Andika Zaina."

Nikaandika. Hakuna kitu.

"Namna gani hakuna? Ulinipiga foto siku muzima!"

(Ni kweli. Zake zilipita hata za bibi arusi.)

Akaninyanganya telefone, akagusa sura yake mwenyewe mu foto moja. Foto zikatoka zote, na jina kubwa juu:

MAMA YA BATOTO YANGU.

Akaisoma kwa nguvu. Mbele ya mama yake!

Mama akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Mi nikatafuta mulango kwa macho.

Zaina, ye hakucheka.

"Ile jina, banaendaka kuiomba kwa papa."

Mi, mujinga: "Papa gani?"

"Papa yangu! Siku ya dimanche haendi kazi, iko nyumbani."

Bandugu, nani ataniazima shemise ya kuvaa siku ile? Na nani atakuya kusema mu fasi yangu? Juu mi najijua, mbele ya ule papa nitasema bonjour tu, basi.