Kope ya Kushoto

Baba yangu alikuwa akikagua kinyago huku amefumba macho. Si yeye peke yake. Banda zima pale Temeke, watu wa kusini wote, ndivyo walivyofanya. Kazi ikiisha, mwenzako anaipokea, anafumba macho, anapitisha kidole gumba kuanzia kisogoni mpaka kidevuni, halafu ndiyo anasema. Jicho linapenda mng'aro, walisema, kidole hakina upendeleo. Ndiyo maana macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, sie nyumbani tulijipa moyo. Macho yaende, vidole vipo.

Mwaka ule mie nilikuwa nimerudi nyumbani. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimetupunguza, maana siku hizo hawakusema kufukuza, walisema kupunguza, na mume alikuwa ameshanipunguza kabla ya kiwanda. Baba hakuniuliza kitu. Alinipa msasa, brashi na kopo la dawa ya viatu, akanionyesha pa kukaa. Kazi yangu ikawa kung'arisha. Mpingo ukishapigwa msasa unausogeza karibu na jiko la mkaa, upate joto, maana ukipata joto ndiyo unakunywa dawa. Kisha unapiga brashi mpaka unajiona. Wiki mbili tu nikaanza kujiita fundi.

Bandani walishaanza kumsema baba. Fundi aliyekaa jirani yake, mtu mwenye mdomo mkali kuliko patasi yake, alimwambia mbele ya wote, "Kaka mkubwa, juzi umechonga tembo, mie nikadhani nguruwe." Watu wakavunjika mbavu. Baba naye akacheka, lakini siku hiyo ugali wake aliurudisha kama ulivyokuja. Alijua kinachofuata. Asiyeona humpisha anayeona, na nafasi yake bandani ilishaanza kupigiwa hesabu. Alitaka oda moja tu ya maana awafunge midomo.

Ikaja. Bwana mmoja wa Kurasini, kazi yake kutoa mizigo bandarini, aliingia bandani na boksi lenye dirisha la nailoni. Akamwamkia baba shikamoo ya mbiombio, akatoa mdoli. Ulikuwa wa jambazi wa kwenye vitabu vya katuni vya Wazungu, urefu wa shibiri moja, joho la zambarau, meno nje. Alisema ana mgeni wake, mtu mzima na ndevu zake, anayekusanya midoli ya majambazi. Haichezei. Anaipanga kabatini anaitazama. Nikasema moyoni, makubwa haya, madogo yana nafuu. Mgeni huyo alitaka jambazi yule yule achongwe kwa mpingo, kumi na wawili, sura moja.

Bwana akatufundisha mdoli mzuri unavyojulikana. Msimamishe, akiegemea hafai. Zungusha bega, likilegea hafai. Tazama shingoni rangi inapokutana na rangi, kama moja imemwagikia nyingine, hata dukani wanamtupa nyuma. "Na sura," akasema. "Hawa watu wanaangalia sura kwanza. Mie mwenyewe sijaitazama sana, nimekabidhiwa kwenye boksi."

Baba akafumba macho. Kidole kikapita taratibu.

"Viungo vizuri," akasema. "Mshono wa plastiki ubavuni umekwanguliwa, siuhisi. Anasimama. Lakini sura hamna kitu. Kope zote mbili sawasawa, kama samaki wa barafu. Huyu hatishi hata kuku."

Banda likacheka, na safari hii lilicheka naye. Bwana akasema, "Mzee wangu, wewe chonga ulivyoona." Akaondoka na boksi, mdoli akatuachia.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda kuchagua magogo. Nikaushusha mdoli rafuni, nikaona vumbi usoni, nikasema ngoja niupe heshima yake kabla baba hajarudi. Nikaupaka dawa ya viatu. Nikauweka kando ya jiko, upate joto. Halafu nikachukua ndoo nikaenda bombani.

Niliporudi, kope ya kushoto ilikuwa imeshuka imefunika nusu ya jicho, na pembe ya mdomo upande huo imelegea. Plastiki! Mjinga mie, plastiki inakunywa dawa tangu lini? Niliipuliza, nikaimwagia maji, nikajaribu kuinyanyua kope kwa njiti ya kibiriti, ikawa vile vile. Nikaufuta mdoli vizuri, nikaurudisha rafuni, uso nimeuelekeza ukutani.

Baba alirudi, akauchukua, akafumba macho ili aanze kupima. Kidole kilifika kushoto kikasimama. Kikarudi, kikapita tena.

"Jana nilikuwa wapi?" akasema.

Nikaokota brashi, nikainamia kazi.

"Kope ya kushoto. Imeshushwa kidogo tu. Aliyefanya hivi anaujua ubaya. Mtu mbaya hakufungulii macho yote mawili. Moja linakuchekea, la pili linakupima." Akawaita wenzake. Mmoja mmoja wakafumba macho, wakashika, wakatikisa vichwa. Hata yule jirani akasema, "Hii kazi, kaka mkubwa. Jana ulipitwa." Baba akajibu, "Nilipitwa," huku anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike mama.

Haki ya Mungu nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho akaanza kuchonga, nikasema keshokutwa.

Alichonga wote kumi na wawili, na sijaona kazi kama ile, kabla wala baadaye. Kope zile! Nilikuwa nikiwang'arisha nikiwa nimekaa upande mmoja, maana sikutaka kuwapa mgongo. Yule jirani akaacha maneno ya tembo na nguruwe. Baba akaanza kula.

Bwana wa Kurasini aliporudi, tuliwapanga kwenye mkeka. Aliwatazama, akatazama picha kwenye boksi lake, akawatazama tena.

"Mzee, hawa wamepooza?"

"Ndivyo mdoli wako ulivyo," baba akasema.

Bwana akaushika mdoli wake. "Huu haukuwa hivi. Picha hii hapa, macho yote yamefunguka. Mmeufanya nini?"

Baba aligeuka akanitafuta mie nilipokaa.

"Siku ile niliushika nikasema kope zote sawasawa," akasema. "Nilisema, sikusema? Mwanangu, wewe una macho mazima. Zilikuwa sawasawa, au mie ndiye niliyepitwa?"

Banda zima likanitazama. Nilijua jibu lake, na nilijua nikilitoa nitainuka pale nisirudi, sina kiwanda, sina mume. Niliogopa. Sina neno jingine la kujipamba nalo, niliogopa.

"Ulipitwa, baba," nikasema. "Ilikuwa imelala tangu siku ile."

Bwana akaguna. Alisema basi huenda uliharibikia njiani, lakini mgeni wake anamtaka jambazi wa kwenye picha, hawa hawezi kumpelekea. Akaurudisha mdoli kwenye boksi. Akiwa mlangoni akasema, "Pumzika, mzee wangu," na nadhani aliisema kwa wema.

Baba akaokota mmoja wa wale kumi na wawili. Akafumba macho, akapitisha kidole, akafumbua.

"Macho nilijua yananiaga," akasema. "Vidole sikujua."

Asubuhi iliyofuata aligawa zana zake, tezo kwa huyu, patasi kwa yule. Nafasi yake akaichukua jirani. Mie nilibaki pale pale kwenye jiko langu, nikimng'arishia jirani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka na bado sijauona mwisho wake.

Aliishi miaka mingine sita. Wale kumi na wawili aliniambia niwatie jikoni. Kila nilipowasha moto nilimtia mmoja, mpingo unawaka taratibu sana. Kila asubuhi kabla sijatoka alikuwa akinyanyuka kitandani, ameshavaa shati, amelifunga mwenyewe, anasimama mbele yangu ameinua kidevu.

"Mwanangu, nitazamie. Vifungo viko sawa?"

"Viko sawa, baba."

"Una hakika? Mie siviamini tena hivi vidole."

Kila siku vilikuwa sawa. Hakukosea hata kimoja.