Kipa Niliyemwona kwa Mbali

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haja ya kuomba radhi. Ukikaa na watoto wa darasa la sita kwa karibu miaka thelathini, unajua kwamba anayekuletea chaki kabla hujaiomba ana jambo. Mume wangu husema hata malaika akiniletea habari njema nitamuuliza kwanza ametumwa na nani. Nadhani ndiyo sababu, nilipostaafu, wazee wa kituo chetu cha kununulia chai walinikabidhi timu ya mpira. Walisema wanataka kocha asiyedanganyika.

Kituo chenyewe ni kibanda cha mabati ambapo sisi wenye mashamba madogo hupeleka majani yapimwe, kisha lori la kiwanda huja kuyachukua. Katika bonde letu, ukishapita mji wa Mogogosiek, kuna vituo sita, na kila kituo kina timu. Zamani timu hizo ziliibiana wachezaji bila haya. Kijana alikuchezea Jumapili hii, Jumapili ijayo unamwona na jezi ya wenzako kwa sababu kuna mtu amemnunulia viatu. Mwaka mmoja fainali iliishia kwa makonde, mchungaji akiwa katikati anaamua, na filimbi ya refa ikiwa mdomoni mwa mtu mwingine kabisa.

Baada ya hapo kamati ikaweka utaratibu tunaouita mgao. Kila timu inabaki na wachezaji watano. Wengine wote wanarudi kwenye orodha moja, na makocha wanachagua mmoja mmoja kwa zamu mpaka kila timu itimie. Zamu hupangwa wiki moja kabla: mwenyekiti huchuma vijiti sita vya chai, anavifumba mkononi, kila kocha anavuta kimoja. Mwenye kijiti kirefu zaidi huchagua wa kwanza. Ndani ya wiki hiyo ni ruhusa kubadilishana zamu au wachezaji, mradi kamati iambiwe. Hapo ndipo watu wa Mungu hugeuka madalali.

Mwaka ninaousimulia, kama miaka mitatu iliyopita, nilivuta kijiti cha tano. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, upande mmoja nikaandika nilicho nacho, upande mwingine ninachokosa. Mshambuliaji wangu alikuwa Msabato, Jumamosi hachezi hata umpe nini, na nusu ya mechi zetu ni Jumamosi. Katikati palikuwa na mwanya wa kupitisha trekta. Lakini shida kubwa ilikuwa langoni, kwa kuwa kipa wangu alikuwa amepata kazi ya ulinzi Nakuru na kuniaga kwa ujumbe wa simu. Mali yangu ya kweli ilikuwa beki mmoja wa kushoto. Bonde zima lilikuwa na mabeki wawili tu wenye mguu wa kushoto, na mimi nilikuwa nimembakisha mmoja wao.

Kwenye orodha kulikuwa na kipa mmoja wa maana. Nilikuwa nimemfundisha darasani, mtoto mkimya wa mjane anayeishi ng'ambo ya kijito. Asubuhi alichuma chai ya mama yake, jioni alikuwa uwanjani akiwaomba wenzake wampigie mashuti. Aliruka bila kujiuliza ataangukia wapi. Nilimtaka sana, lakini nilijua hatafika zamu ya tano, maana kocha mwenye zamu ya tatu naye hakuwa na kipa.

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kocha mwenye zamu ya kwanza aliingia kwangu. Ni mtu wa rika langu anayeuza ndizi za jumla sokoni. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, naye akazaliwa huku huku, na Kikipsigis, lugha yetu, anakiongea vizuri kuliko watoto wangu.

"Chamgei, mwalimu."

"Chamgei. Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako." Akakubali chai, akakataa mkate. "Wacha niseme haraka. Nipatie beki wako wa kushoto. Halafu tubadilishane zamu. Wewe uchukue ya kwanza, mimi nichukue hiyo yako ya tano. Hapo utampata yule kijana kipa."

"Na wewe humtaki kwa nini?"

"Mimi niko na kipa, nimembakisha. Huyu akikuja kwangu atakaa tu benchi mwaka mzima. Na kuna mtu wa timu kubwa ya Nairobi atakuja kuangalia mechi zetu tatu za kwanza, anatafuta kipa. Nilisoma na yeye. Kijana akionekana, anaweza kuitwa majaribio. Mama yake unamjua, mwalimu. Hiyo ni bahati yao."

"Wewe unapata nini?"

"Si nimesema? Beki."

Nilimwambia anipe mpaka Ijumaa. Alipotoka, sikuosha hata kikombe, nilikaa nikakitazama. Tangu mgao uanze, hakuna kocha aliyewahi kuachia zamu ya kwanza kwa ya tano, hata akiongezewa beki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa amepanda kilima chote kwa miguu kunitembezea kipa. Habari ya mtu wa Nairobi nayo niliiona tamu kupita kiasi. Kusema kweli, angekuwa mtu wa ukoo wangu ningemshuku vivyo hivyo. Lakini sitaficha kwamba kichwani mwangu kulikuwa pia na sauti ya nyanya yangu, ikiniambia watu wa kutoka Kisii huhesabu mara mbili. Nilikuwa nimewakanya watoto darasani kwa maneno kama hayo.

Nikampigia simu karani wa kituo anakopeleka majani yule kijana kipa, nikamuuliza kama bado analeta kama kawaida. Akasema analeta, ila kwa wiki mbili hizi ni kidogo sana. Nilijisikia kama mtu aliyegusa uzi na kuona pazia lote linatikisika.

Alhamisi asubuhi niliteremka kwenda kujionea. Baba yangu alinifundisha kwamba mtu anayekwenda kununua ng'ombe hamwangalii ng'ombe aliyemfuata. Unaangalia wengine, unaulizia bei ya ndama, unasifu boma, na yule unayemtaka unamkagua kwa pembe ya jicho, maana mwenye ng'ombe akijua hamu yako umekwisha. Basi sikuvuka kijito. Nilisimama upande wetu, nyuma ya miti ya blugamu, mimi mwanamke mzima wa kanisa, nikachungulia.

Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Kijana alikuwa ndani ya chai mpaka kiunoni, kapu mgongoni. Mkono wa kushoto ulikuwa unachuma. Wa kulia ulikuwa chini, ndani ya majani, hausogei. Nilimtazama labda nusu saa. Huku kwetu mtoto akishajua kutembea anajua kuchuma kwa mikono miwili. Anayechuma kwa mmoja ni mgonjwa, au anaongea na simu. Simu hakuwa nayo. Daraja la magogo lilikuwa hatua hamsini tu kutoka niliposimama. Ningeweza kuvuka nikamsalimu kama mwalimu wake, lakini kumsalimu kungekuwa ni kuonyesha hamu. Nikapanda kilima nikirudi nyumbani, nikijipongeza kwa macho niliyopewa na Mungu.

Ijumaa nilimpigia simu kocha wa ndizi nikamwambia sibadilishani.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wewe unajua kwa nini."

"Mimi sijui kitu. Lakini sawa. Wa zamu ya tatu atamchukua, hata huko atacheza."

Jioni hiyo, baada ya mazoezi ya kwaya, nilimwambia mwenzangu mmoja neno moja tu: mwenye kumtaka yule kipa amwangalie kwanza mkono wa kulia. Mume wa mwenzangu huyo ndiye kocha aliyekuwa na zamu ya tatu. Sitajidai kwamba sikulikumbuka hilo. Nilijiambia kwamba kama mkono ni mbovu, nimemwokoa jirani. Na kama ni mzima, basi kijana atateleza mpaka zamu yangu, nimpate bila kutoa beki wala asante. Niliona nimeziba pande zote mbili. Nililala vizuri.

Mgao ulifanyika Jumamosi mchana, lori likishaondoka na majani. Sisi makocha tulikaa kwenye benchi ndani ya kibanda, wachezaji wakakaa nje kwenye nyasi, kwa sababu majina husomwa kwa sauti kila mtu asikie. Kocha wa ndizi, mwenye zamu ya kwanza, alichagua kiungo. Wa pili akachukua mshambuliaji. Wa tatu, mume wa mwenzangu wa kwaya, alikuna kidevu muda mrefu, akataja kipa mwingine, kijana mrefu anayeogopa mpira wa chini. Nje kukawa na mnong'ono. Kocha wa ndizi aligeuka akanitazama. Wa nne naye akampita.

Zamu ikafika kwangu. Kijana alikuwa pale pale nilipopanga awe. Ningeweza kumtaja, na mambo yangekwisha. Lakini nilimtazama yule wa tatu, nikamtazama wa nne, nikawaza: hawa nao wamemkagua, nao wameona. Mtu asiye na kipa hampiti kipa hivi hivi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilisahau kabisa kwamba lililosemwa nilikuwa nimelisema mimi. Nikataja mshambuliaji asiye Msabato, na raundi iliyofuata nikachukua kipa wa kubahatisha.

Mimi kumpita ndiko kulikommaliza. Wote walijua sina kipa, na wote walijua nilikataa zamu ya kwanza. Mvua ilianza kupiga mabati, wachezaji waliokwisha kutajwa wakaingia kujibanza ndani, na wale ambao hawajatajwa wakabaki wamejifunika magunia, kwa sababu aliyeona aibu kuingia alimwogopesha mwenzake. Kijana alikuwa miongoni mwao. Katika raundi ya mwisho kocha wa ndizi alimtaja, awe kipa wa akiba. Alilitaja jina huku akinitazama mimi, na mimi nikashughulika na daftari langu.

Mtu wa Nairobi alikuja kweli. Mechi ya kwanza alisimama kando ya goli akiwa na kofia na kijitabu. Mechi ya pili alikuja tena, siku tuliyocheza na timu ya kocha wa ndizi na kipa wangu wa kubahatisha akafungwa mabao manne. Yule kijana alikuwa kwenye benchi lao, amekalia mikono yake. Nilimwona mtu wa Nairobi akifunga kijitabu kabla ya mapumziko.

Jumatatu kijana alikuja nyumbani. Alibisha hodi kama wanafunzi wangu wote wanavyobisha, mara mbili, kisha kimya. Nilimkaribisha chai. Hakunywa.

"Madam, nimekuja kukuuliza kitu. Mkono wangu uko na nini?"

Nilimuuliza nani amemwambia mkono wake una kitu.

"Watu wote wanasema. Wanasema ni wewe uliona. Nilienda hospitali Kapkatet nikapigwa picha. Daktari akasema hakuna kitu. Mama akasema wewe si mtu wa kusema uongo, labda kuna kitu hiyo mashine haikuona. Sasa nimekuja uniambie ni wapi."

Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza yangu, kiganja juu, ili nimwonyeshe. Sikujua nitazame wapi. Nikamweleza basi, bila kupunguza: blugamu, ukungu, mkono mmoja ukichuma na mmoja umelala.

"Ile ya huko chini? Tuliikata, madam. Ilikuwa inachipuka. Nilikuwa nimeshika fimbo ya kupimia."

Kila mwenye chai anajua. Chai ikishakatwa na kuanza kuchipuka upya, unashika fimbo iliyokatwa kwa kipimo kwa mkono mmoja, unaisimamisha ndani ya mti, na kwa mkono mwingine unavunja tu kile kilichopita urefu wa fimbo. Kilo hupungua. Mimi mwenyewe nimeifanya kazi hiyo tangu utotoni, na ningevuka yale magogo ningeiona fimbo.

Nilichukua simu pale pale mbele yake. Nilimpigia kocha wa ndizi, nikamwambia achukue beki wangu wa kushoto, anipe kijana, na kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho. Hakunicheka. Alisema angekubali hata bila beki, lakini beki atamchukua. Nilimpigia mwenyekiti, akanung'unika kuhusu wiki ya mabadiliko kupita, kisha akaruhusu, kwa kuwa makocha wote wawili walikuwa wamekubaliana. Mtu wa Nairobi alikuwa amebakiwa na mechi moja, Jumamosi, na ilikuwa yetu.

"Jumamosi unaanza wewe," nilimwambia kijana. "Atakuwa pale. Umemwona mwenyewe."

Alikuwa bado hajauondoa mkono mezani. Aliufumba, akaufumbua.

"Siwezi, madam."

"Kwa nini usiweze?"

"Nimejaribu kwa mazoezi. Mpira ukikuja, mimi naanza kufikiria mkono. Zamani sikuwa nafikiria chochote, nilikuwa naruka tu. Nikifikiria, mpira umeshaingia."

Nilimwambia mkono wake ni mzima, kabisa, hauna kitu. Akasema hata daktari alimwambia hivyo.