Rafu ya Maboksi Meusi

Verna alikuwa amekuja gereji kumkataza mwanawe, Ashwin, asifungiwe chujio la hewa la mashindano kwenye gari lake dogo aina ya Golf, akaishia kumtazama fundi. Fundi huyo mzee hakuwa mtu wa haraka. Alifungua boksi jeusi la chujio lililokuja na gari, akalipuliza vumbi, akalifuta ndani na nje kama anayemkausha mtoto aliyetoka kuoga. Vidole vyake viwili havikukunjika tena. Alikohoa kidogo kila alipokaza kibano cha bomba jipya, na alizungumza kwa sauti ya chini, sauti ya enzi ambazo fundi alisifiwa kwa injini isiyosikika. Siku hizi vijana wanalipia kelele.

"Itanguruma, Anko?" Ashwin aliuliza.

"Itanguruma. Ila kasi itabaki ileile ya jana."

"Anko naye. Subiri mashindano ya Jumamosi barabarani, uone nitakavyowalisha wenzangu vumbi."

Nyuma ya fundi kulikuwa na rafu ndefu ya maboksi kama lile, yote yanang'aa. Verna akauliza ni ya nani.

"Ya wateja, Anti. Kijana akitaka kuuza gari, anarudi kuchukua boksi lake."

"Mbona yamejaa hivyo?"

Fundi akafuta moja ambalo halikuwa na vumbi. "Hawa hawakuwahi kuuza. Ajali ziliwawahi."

Ashwin akawasha gari. Mabati ya paa yakatetemeka, naye akacheka. Fundi akaitazama nafasi moja iliyobaki kwenye rafu, kisha akampakatisha Verna boksi la mwanawe.

"Hili kaa nalo wewe."