Gazeti Lilisema Nimemtoroka Bwana Harusi

Siku ya harusi yangu nilitoka kanisani mbio mbele ya watu mia mbili, gauni nimelikunja mpaka magotini.

Msinihukumu. Tumbo.

Mchungaji ndiyo kwanza anafungua kitabu, tumbo likanguruma, likakata. Nikaona hapa nikisubiri kuulizwa kama nakubali, nitaaibika. Nikachomoka hadi chooni. Baada ya dakika kumi nikarudi, nikafungishwa ndoa, vigelegele vikapigwa.

Keshokutwa yake gazeti likatoka. Ukurasa wa mbele, picha yangu niko hewani kama mkimbiaji, maandishi mekundu:

BIBI HARUSI AMTOROKA MUME MADHABAHUNI!

Mama mkwe alikaa kiti cha mbele siku ile. Aliniona nikitoka, akaniona nikirudi, akala keki vipande vitatu. Lakini aliposoma gazeti akashika kichwa.

"Kumbe alitoroka!"

"Mama, si mimi huyu nakumiminia chai?"

"Gazeti haliwezi kudanganya na picha juu."

Kazini mume wangu wakambatiza jina, Bwana Kimbiwa. Mwezi wa nne kikaitwa kikao cha ukoo, mama mkwe akalipunga gazeti kama hati ya mahakama. Mume akainama, akasema kwa sauti ya msibani, "Moyo wangu haujapona."

Talaka hiyo. Nikarudi kwa mama na sanduku langu.

Yule mume akawa mshauri wa ndoa. Walahi! Anaendesha semina za wachumba, na anaanza kwa kuwaonyesha lile gazeti. Watu wanalia. Mke wa pili alimpata hapo hapo, dada wa watu anajifuta machozi.

Mimi nikashika cherehani. Miaka kumi na moja nikawashonea wenzangu magauni ya harusi, na jina la mwandishi wa ile habari nimeliweka moyoni kama mwiba.

Mwaka huu akaingia dukani binti mmoja mpole, anaolewa. Nikamwandikisha. Jina la baba nikalisoma mara mbili.

Ndiye! Siku hizi ni mhariri mkuu.

Nikasema moyoni, malipo ni hapa hapa duniani.

Gauni nikalishona likapendeza mpaka nikalionea wivu. Ila mshono wa mgongoni niliupiga bandi tu, ule uzi wa muda ambao fundi huja kuufumua. Bibi harusi akipiga magoti tu, pwaa! Mgongo wote nje. Kichwa cha habari nilishakitunga: BINTI WA MHARIRI AVUKWA NA NGUO KANISANI.

Ijumaa akaja kulichukua baba mwenyewe. Mtu wa maneno huyo! Mimi napiga pasi, yeye anapiga soga.

"Fundi, ungesoma magazeti yetu ya zamani ungevunjika mbavu. Mimi ndiye niliyeandika MWALIMU AFUMANIWA NA MBUZI CHUMBANI."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Mbuzi kaingia anatafuna mitihani, mwalimu kafunga mlango amkamate. Basi! Nasikia mpaka leo wanafunzi wakimwona wanalia meee."

Akacheka mpaka machozi. "Na yule bibi harusi aliyetoroka! Gazeti liliisha kabla ya saa tatu asubuhi."

Nikaweka pasi pembeni.

"Hakutoroka. Alikuwa anaharisha."

"Umejuaje?"

"Ndiye anayekunyooshea gauni."

Kicheko kikakatika. Akanitazama, akatafuta kiti.

"Nani alikuletea habari ile?" nikamuuliza. Nilidhani atamtaja mpiga picha, nimwongeze kwenye orodha.

"Bwana harusi."

"Nani?!"

"Alikuja ofisini jioni ileile, ua bado liko kwenye koti. Picha kaichukua kwa mpiga picha wenu. Akasema umekimbia, hutaki kurudi. Nikamwonea huruma. Wewe sikukutafuta nikuulize. Hilo kosa ni langu, dada."

Jioni ileile! Mimi nimekaa meza kuu, naambiwa kaenda kuwasindikiza wajomba.

Kumbe aliyekuwa anatafuta mlango wa kutokea ni yeye. Mimi nilikuwa natafuta choo.

Nikalitazama gauni. Yule binti kila akija kupima alikuwa ananiita mama. Na mimi nilitaka kumvua nguo mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake. Niliona aibu, nawaambia.

Nikafumua bandi, nikapitisha mashine mara mbili. Kisha nikamgeukia baba yake.

"Mwanao atapendeza. Sasa lako. Andika ukweli, ukurasa wa mbele, maandishi makubwa vilevile. Na aliyekuletea uongo umtaje."

"Fundi, watakucheka upya."

"Nimechekwa kwa uongo miaka kumi na moja. Acha nichekwe kwa haki."

Jumatatu likatoka:

SAMAHANI: BIBI HARUSI ALIENDA CHOONI. MUME NDIYE ALIYETUDANGANYA!

Mtaa mzima ulicheka, na mimi nikiwemo. Jioni mshauri wa ndoa akanipigia simu.

"Umenimaliza! Wachumba hawaji tena!"

"Pole. Mwambie mama asome, gazeti halidanganyi."

Alhamisi akaja mwanamke dukani, akasimama mlangoni na mkoba wake. Mke wa pili.

"Dada, kweli ulikuwa unaharisha?"

"Kweli tupu."

"Mimi yule mwanamume nilimpenda kwa huruma tu."

Nikamvutia kiti. Tulicheka, kisha akalia, nikamwacha alie.

Ndugu zangu, kisasi ni kitamu, sikatai. Ila kabla hujakata kitambaa, hakikisha umempima mwenyewe. Mimi nilibakiza siku moja tu nimvishe aibu mtoto wa watu.