Kompyuta ya Kaka na Malipo ya Pili

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, kaka yangu mkubwa aliingia kwenye karakana yangu ya Igoma akiwa amevaa koti la kanisani. Nilijua kuna jambo. Koti lile halikuwa linatoka Kisesa, kijijini kwake, siku za kazi. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, ameishika kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Acha hizo redio za watu, usome hii."

Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye mapambo pembeni, imechapwa kwa wino wa rangi. Ilisema kwa Kiingereza kwamba mtu mwenye jina la kaka yangu amekamilisha vipande mia moja vya kazi. Sura yake niliitambua, kwa sababu hata mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo, nimeibandika ukutani juu ya meza ya kuchomelea.

"Umeitoa wapi?"

"Dukani, mjini. Mashine yangu iko huko inafanya kazi. Hiyo ni stakabadhi."

Hasira niliyoipata pale ninayo mpaka leo, na ndiyo inayoniandikisha haya. Lakini nianze mahali panapostahili.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni fundi wa redio na mashine za kuchapa. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya mtumba na kamusi, na niliponunua moja iliyokwisha tumika, nilijiunga na mradi wa wataalamu wa ng'ambo waliokuwa wakisikiliza mawimbi ya redio kutoka angani. Rekodi zao zilikuwa nyingi kuliko mashine walizokuwa nazo. Wakazikatakata vipande, wakavigawa kwa yeyote duniani mwenye kompyuta nyumbani. Unachukua kipande, mashine inakichambua wakati wewe huitumii, unarudisha majibu, wao wanaongeza hesabu yako kwenye orodha. Malipo hakuna. Kazi ni ya kujitolea.

Igoma sikuwa na laini ya simu. Vipande nilivifuata mjini kwa disketi, kwenye duka la kompyuta lenye intaneti. Programu ya kawaida ilikuwa nzito. Ilichora kwenye skrini milima ya rangi inayocheza, na mashine yangu ilichukua siku mbili nzima kwa kipande kimoja. Kisha nikasikia kwamba mtu mmoja huko nje ameiandika upya ile programu ilingane na aina ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, niliyokuwa nayo. Aliondoa picha zote. Skrini ilibaki nyeusi na maandishi meupe machache. Mwenye duka akanishushia kutoka intaneti, bure, maana yenyewe ilitolewa bure. Sikuiamini hivi hivi. Nilichukua kipande kilekile, nikakipitisha kwenye programu ya zamani na kwenye hii iliyonolewa, nikalinganisha majibu mstari kwa mstari. Yalikuwa sawa, na kazi ya siku mbili ilikwisha kwa muda usiofika siku moja. Nilimweleza mwenye duka kwa furaha. Alinisikiliza vizuri sana.

Kaka aliiona mashine yangu alipokuja kuuza pamba. Nilimweleza kila kitu. Aliuliza swali moja tu.

"Wanalipa lini?"

"Hawalipi, kaka."

Akacheka. "Chama cha ushirika nacho kilikuwa kinasema hivyohivyo."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kaka yangu alilima pamba tangu ujana wake. Unapeleka mzigo chama cha msingi, karani anapima, unapewa malipo ya kwanza na stakabadhi. Malipo ya pili yanakuja baadaye, pamba ikishauzwa. Miaka mingine yanachelewa, miaka mingine hayaji, lakini stakabadhi hutupi. Hata soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na mizani yao na fedha taslimu, kaka alitunza stakabadhi zake za chama kwenye kopo la maziwa. Kwake kazi iliyohesabiwa na kuandikwa ni kazi inayodaiwa. Nilipomwambia kwamba kuna watu wanaohesabu vipande na kuandika jina lako, yeye alisikia pamba.

Na mwenye duka alilijua hilo, maana naye alitoka kwenye familia ya wakulima.

"Umetoa kiasi gani?" nilimuuliza kaka.

"Laki mbili na themanini ya mashine. Elfu thelathini ya programu ya kasi."

"Programu ile ni bure!"

"Ya kwako ndiyo bure. Yangu ina kasi mara tatu."

"Ni hiyohiyo, kaka."

"Basi vipande mia moja ningevipataje kwa muda huu?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Deni la mashine limebaki laki mbili na ishirini. Jumatatu napeleka maksai mnadani."

Maksai wale walikuwa wawili, na ndio waliokuwa wanavuta plau. Mvua zilikuwa karibu. Bila wao alikuwa na jembe la mkono, mke mwenye kifua kibovu na ekari saba. Nilifunga karakana saa ileile, tukapanda gari kwenda mjini.

Mwenye duka alitupokea kwa adabu zote. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Shikamoo mzee wangu! Na fundi naye kaja. Karibuni soda."

"Hatutaki soda," nilisema. "Umemwambia kaka yangu atalipwa na nani?"

Alinitazama kwa utulivu. "Fundi, mimi sikusema atalipwa. Nilisema atahesabiwa. Muulize mwenyewe."

Kaka alitikisa kichwa kukubali. "Kweli, alisema kuhesabiwa."

"Umeona? Mimi nauza mashine. Mzee alitaka mashine, nyumbani hana umeme, nikamwambia iache hapa ifanye kazi. Kosa langu liko wapi?"

Niliomba kuiona. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kuoka mkate. Kompyuta nne zilikuwa mezani, kila moja imebandikwa jina la mwenyewe kwa karatasi na gundi. Wote walikuwa wakulima. Skrini zote zilikuwa nyeusi na maandishi meupe. Zote zilikuwa na ile programu niliyoipima mimi. Nikaketi mbele ya mashine ya kaka. Kila programu ya aina ile ina faili dogo linalotaja kazi inahesabiwa kwa nani. Nikalifungua. Jina lilikuwa la mwenye duka. Nikafungua kwenye ile ya pili. La mwenye duka. Ya tatu na ya nne hivyohivyo.

Nilielewa papo hapo. Alitaka jina lake lipande kwenye orodha ya nchi yetu, awaonyeshe wateja wapya. Karatasi yenye mapambo aliichapa mwenyewe kwa kuiga ile wanayotoa wataalamu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimemshika.

"Kaka, soma hapa. Jina hili ni la nani?"

Kaka alivaa miwani, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Akamgeukia mwenye duka.

"Vipande vyangu umeviandika jina lako?"

"Mzee, hilo ni kosa la kunakili programu. Nilinakili kutoka yangu, jina likaja nalo..."

"Nimeuliza, umeviandika jina lako?"

"Ndiyo mzee, lakini nabadilisha sasa hivi. Dakika moja tu."

"Umeona, kaka?" nilisema. "Huyu ni mwongo. Twende zetu."

Kaka hakusogea. Alikunja miwani taratibu, na nilipoona uso wake nikajua nimeharibu.

"Kumbe ni kweli wanalipa," alisema.

"Nani amesema?"

"Karani aliiba kilo zetu kwenye mizani kwa sababu kilo zilikuwa na bei. Kama vipande havina bei, huyu angeviibia nini?"

"Sifa tu, kaka! Anataka jina lionekane."

"Sifa!" Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mtu awashe mashine nne, alipe umeme mchana na usiku, kwa sifa? Na wewe mwenyewe, fundi redio, unawasha yako kwa ajili ya nini?"

Ningesema kujitolea, lakini kujitolea sisi tulikujua: ni balozi wa nyumba kumi mlangoni asubuhi na mapema, anakuhesabu na jembe lako kwa kazi ya kijiji. Hakuna aliyekuwa anajitolea kwa kupenda.

"Napenda tu," nilisema.

"Unapenda." Akamtazama mwenye duka, wakatabasamu wote wawili. Tabasamu lile ndilo sijalisamehe. "Unajua siri yao, mdogo wangu, na hutaki na mimi nipate."

Mwenye duka aliketi, akafuta jina lake, akaandika la kaka mbele ya macho yetu. Kaka alilikagua kwa miwani kama anavyokagua mshale wa mizani. Wakashikana mikono. Nilisema mengi pale, mengine si ya kuandika. Nikamwambia kaka nitamkopesha, nitamlimia mwenyewe, asiuze maksai tu. Alinijibu kwa upole kwamba niende nikatengeneze redio.

Jumatatu maksai waliuzwa. Mvua zilipokuja, kaka na mkewe walilima ekari mbili kwa mkono. Tano zilizobaki zikaota magugu. Baadaye wataalamu walibadilisha mfumo wao na ile programu ya kasi ikawa haipokelewi tena. Mwenye duka alihamia biashara ya minofu ya sangara. Kompyuta ikapelekwa Kisesa, ikakaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, nyumba isiyo na umeme, mpaka nilipoipatia mnunuzi. Ile karatasi kaka hakuitupa. Iko kwenye kopo pamoja na zile za pamba, na kila nikienda ananiuliza kama kuna habari kutoka kule. Namjibu hakuna. Ananitazama kama alivyokuwa akimtazama karani wa mizani.

Mashine laki tano, programu elfu thelathini. Nilipoiuza nilipata elfu themanini na tano. Maksai hawakurudi. Zilizopotea ni shilingi laki nne na elfu arobaini na tano.