Visigino vya Wanaume wa Kwetu

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini za asubuhi, siku ya Jumapili. Misa ya pili ilikuwa imetoka na watu walijaa uwanja wa kanisa, pale shangazi yangu alipoinama mbele ya wote akanishika kisigino. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu niliitazama ile iliyotundikwa juu ya mlango wa kanisa, nikitafuta mahali pa kuficha macho yangu.

"Toa kiatu," akasema.

"Shangazi, watu iko wanaangalia."

"Waache waangalie. Tangu siku ya Bisimwa wananiangalia, na sijakufa. Toa kiatu, papa." Papa ndivyo kwetu wanavyowaita vijana kwa upendo.

Mwanangu, ili uelewe aibu yangu, lazima nikueleze kwanza shangazi huyo alikuwa nani katika ukoo wetu.

Anaitwa Nsimire. Ni dada wa baba yangu, na nyumba yake iko mtaa wa Muhumba hadi leo. Miaka ile, nyumbani kwetu tulikatazwa kula chochote kilichotoka mkononi mwake, hata ndizi ambayo haijamenywa. Baba yangu alikufa akiwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa mwembamba, hakuvuta sigara, na asubuhi moja alianguka akiwa anafunga mkanda wa suruali. Miaka miwili baadaye mdogo wake, baba yangu mdogo tuliyemwita Tonton Bisimwa, alianguka mezani kwa Shangazi Nsimire, siku binti wa Shangazi alipopokea komunyo ya kwanza. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Kabla hajafikishwa hospitali, alikuwa amekata roho.

Wewe unayekaa Bukavu unajua desturi yetu. Chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na kijiko cha kwanza cha chakula ni cha mwenye nyumba. Anaonja yeye, ndipo wengine wanakula kwa amani. Siku ile Shangazi alikuwa amepika nyama ya nguruwe na ndizi, sufuria mbili kubwa. Wageni wote walikula nyama. Yeye hakuionja. Alikaa pembeni na sahani yake ya maharagi na mboga ya lengalenga. Jua lilipozama, habari ilikuwa imeshapita Muhumba yote na kushuka hadi ziwani: amepika, hakula, mdogo wake amekufa.

Sisemi kwamba sumu haipo duniani. Nasema tu kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kwa nini hakula.

Sababu yenyewe alikuwa amewaambia zamani, tena kwa sauti. Baada ya kumzika baba yangu, alianza kubanwa kifua kila alipopanda mlima kutoka sokoni. Akaenda hospitali, wakampima damu, wakakuta kolesteroli yake iko juu kupita kiasi. Daktari alipomuuliza habari za ukoo, akamweleza kifo cha kaka yake, na daktari akamwambia ndugu zake wote waje wapimwe. Akarudi na ujumbe huo. Tonton Bisimwa alisimama katikati ya sebule, akageuka ubavu, akajipiga tumbo lake lililokuwa bapa kama ubao.

"Dada, ile ni ugonjwa ya wakubwa. Mimi niko na tumbo gani ya kuweka kolesteroli?"

Watu wakacheka sana. Nilikuwepo, na mimi nilicheka. Ila tangu siku hiyo Shangazi aliacha nyama ya mafuta na akawa anameza vidonge vyake. Tonton alipokufa, alijaribu kuwakumbusha ujumbe ule, wakasema ni hadithi ya kujifunika. Basi akanyamaza. Hakuhama, hakuacha kuja kwenye misiba wala harusi. Alibadili jambo moja tu: alionja kila kitu alichotoa, hata karanga za kukaanga alizompa mtoto wa jirani. Alichukua moja, akaitafuna mbele ya mtoto, ndipo akampa zilizobaki. Mara nyingi nimejiuliza kama mimi ningeweza kuishi hivyo mwaka mmoja bila moyo kugeuka jiwe. Yeye aliishi hivyo miaka saba.

Sasa nirudi kwenye viatu. Wanaume wa kwetu walikuwa na tabia moja iliyokuwa kichekesho cha ukoo: walikanyaga nyuma ya viatu vyao na kuvivaa kama malapa. Baba alifanya hivyo, Tonton naye vilevile. Mama alizoea kumwambia baba, "Nunua malapa basi, uache kuua viatu." Kumbe kano zao, zile zinazotoka kwenye muundi na kushika kisigino, zilikuwa nene, zenye vinundu vigumu, na kiatu kilichofungwa kiliwaumiza. Tulidhani ni umbo la ukoo tu, kama pua au sauti. Mimi nilianza kukanyaga viatu nikiwa na miaka ishirini na minne, na nilijivunia kidogo, kwa sababu niliona nafanana na baba.

Jumapili ile Shangazi alikuwa ameketi nyuma. Aliniona nikienda kupokea komunyo huku viatu vikiburuza sakafuni. Ndiyo sababu alinisubiri nje. Nyumbani kwetu, hata siku alizokuja, hakuna aliyemwacha aseme neno. Uwanjani mbele ya watu hakuna aliyeweza kumfukuza.

Nilipotoa kiatu, alibonyeza kano yangu kwa dole gumba, polepole, toka chini hadi juu.

Mwanamke mmoja wa kwaya akapita akicheka. "Eee Nsimire! Sasa unaloga miguu?"

"Ya kwako siitaki, maman, endelea tu," Shangazi akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini sasa, "Iko hapa. Kama ya baba yako. Kama ya Bisimwa." Akainua kitenge chake kidogo, akanionyesha kisigino chake mwenyewe. Kilikuwa kilekile. "Na ya kwangu, angalia. Sumu inachagua watu kwa visigino, papa?"

Nikakitafuta kiatu changu kwa mguu, nikakivaa.

"Kesho asubuhi usikunywe chai, usikule kitu. Saa moja niko kwa mulango ya hopitali."

Nilikwenda, mwanangu, lakini sikwenda kwa sababu nilimwamini. Nilikwenda kwa sababu niliogopa angekuja kunitafuta getini na mama angepiga kelele. Mara nyingine mtu huokolewa na sababu ndogo kama hiyo. Alikuwa pale kabla yangu, amesimama na mwavuli ingawa mvua haikunyesha. Walinitoa damu. Siku mbili baadaye daktari akaniita, akafunga mlango, akanieleza bila kunitisha.

Aliniambia kwamba kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, na kila mtu anaihitaji kwa kipimo. Lakini kuna koo ambazo ini halijui kuiondoa kwenye damu kama inavyotakiwa, tangu mtoto anapozaliwa. Inajikusanya kwenye kuta za mishipa mwaka hadi mwaka, na wakati mwingine kwenye kano. Unene wa mtu hauhusiki sana hapo. Mtu anaweza kuwa mwembamba, mcheza mpira, na mishipa ya moyo wake ikaziba akiwa bado kijana. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kuirithisha kwa mtoto wa kiume au wa kike, na mwingine akaikosa, katika tumbo moja.

Nilipotaka kutoka akaniuliza, "Nani alikutuma kuja?"

"Shangazi yangu, Nsimire."

Akavua miwani. "Kila mara akija kuchukua dawa zake ananiuliza kama kuna mutu wa kwao amekuja kupimwa. Kila mara. Miaka yote hii namuambia hapana."

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali muda mrefu siku ile. Watu waliomwita muuaji, ndio hao alikuwa akiwaulizia mlangoni kwa daktari.

Usidhani kwamba tangu hapo nilikuwa mwema. Nilimeza vidonge mwezi mmoja na nusu, kisha nikaacha. Sikuumwa popote, nilipanda milima ya mji huu mbio, na nilijiona mjinga kumeza dawa ya ugonjwa nisiousikia. Shangazi alipogundua, hakunigombeza kwa kelele. Alinitazama tu, akasema, "Baba yako naye hakusikia kitu." Akaendelea kuchambua maharagi yake. Jioni ile nilimeza kidonge, na hadi leo, nikiwa na miaka hamsini na mbili, sijaacha tena bila daktari kuniambia.

Lililonishinda zaidi lilikuwa Jumamosi. Vijana wa rika langu tulikutana kula nguruwe na kunywa bia. Mjini kwetu, mtu akikataa sahani ya rafiki, maana yake ni mbaya: ama anamwogopa rafiki, ama ana jambo analolijua. Shangazi ndiye aliyenifundisha kukataa. "Usijifiche kama mimi nilijificha na sahani yangu pembeni," aliniambia. "Sema mbele ya wote: damu yangu imepimwa, mafuta haya siyakuli. Halafu ukule nao kitu kingine, pamoja nao, ucheke." Nilifanya hivyo. Walinitania, wakaniita Monseigneur, yaani baba askofu, wa mboga. Baada ya miezi michache, wawili kati yao waliniuliza kwa siri kipimo kinafanywa wapi.

Nyumbani kwake nilijifunza kula upya: samaki wa ziwa wa kuchoma badala ya kukaanga, maharagi kila siku, sombe, yaani majani ya muhogo, yenye mawese kidogo sana, kuku bila ngozi. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo kukaa mezani kwake tangu kifo cha Tonton. Mama alijua, akanuna majuma mengi. Mwishowe nilimpeleka kwa daktari, nikamwomba aeleze yote upya. Mama aliuliza swali moja tu: "Na mume wangu?" Daktari akasema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini kwa hayo anayoyaona kwa dada yake na kwa mtoto wake, yeye haoni sumu.

Mwezi uliofuata tulimwombea baba misa ya kumbukumbu, na ukoo ukakusanyika kwetu. Shangazi akaja na chungu chake cha maharagi, kama alivyokuja kila mwaka, akijua kwamba kila mwaka alirudi nacho kimejaa. Akakiweka mezani, akafunua, akachukua kijiko aonje kwanza. Mama akainuka, akamshika mkono.

"Wifi, acha. Kwangu usionje tena."

Akachukua kijiko mkononi mwake, akachota, akala mbele ya wote. Akatafuna. Akameza.

"Yanakosa chumvi," akasema.

"Dokta alikataza chumvi mingi," Shangazi akajibu, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yetu. Chungu kile hakikurudi Muhumba na kitu.

Leo Shangazi Nsimire ana miaka sabini na moja. Anapanda kutoka sokoni akiwa na kikapu chake, anapumzika mara moja tu, na si kwa kuchoka bali kwa kusalimia watu.

Basi, mwanangu, neno langu kwako ni hili. Kama kwenu kuna watu waliokufa ghafla wakiwa bado vijana, usianze kutafuta aliyewapikia. Nenda ukapimwe damu, hata kama wewe ni mwembamba na husikii kitu, na ukikutwa na hali hii, wapeleke ndugu zako na baadaye watoto wako. Dawa uliyopewa na daktari usiiache kwa sababu umejisikia vizuri, wala usiibadilishe na chupa ya dawa ya majani inayouzwa barabarani. Na kama wewe ni binti, ukitaka kupata mimba, mwambie daktari kwanza, kwa maana dawa nyingine haziendani na mimba. Punguza mafuta, acha sigara, tembea. Milima tunayo bure. Kataa sahani kwa adabu na kwa uwazi. Na mtu akikaa pembeni asile kile mnachokula ninyi, muulize kwa upole ana nini, kabla hamjamhukumu.

Mungu akupe miaka ambayo baba yangu hakuipata, na akupe mezani kwako mtu wa kukujali kama yule aliyeniinamia uwanjani siku ile. Uzeeke, mwanangu. Viatu vyako vichakae kwa kutembea sana.